Upande wa Chanzo

Nchi ninayoisimulia ipo, ila msinisumbue kuniuliza iko wapi. Wenyewe wameliweka swali la "wapi" chini ya ulinzi, na mimi nina watoto wa kulea. Ni nchi nzuri. Barabara zake zina mashimo machache kuliko inavyosemwa, na anayebisha hupewa nafasi ya kueleza, tena kwa kirefu, mbele ya Idara ya Shaka. Idara hiyo iliundwa ili wananchi wasichoke kushuku wenyewe. Serikali iliwaonea huruma ikaichukua kazi hiyo yote.

Siku moja Mtukufu Kiongozi alirudi kutoka ziara ya nchi jirani akiwa amenuna. Huko alionyeshwa kioo kikubwa ukutani. Mwenyeji wake alikigusa kwa kidole, kioo kikamwambia nchi ina mbuzi wangapi, akakigusa tena, kikamwambia wangapi ni majike.

"Jirani ana ghala la taarifa," Mtukufu aliwaambia mawaziri wake. "Mimi nina ghala la mahindi, nalo lina panya. Nalitaka langu kabla ya sikukuu."

Mawaziri waliinama. Katika nchi ile kuinama ndiko kusema ndiyo, na kiongozi mzuri hujulikana kwa jinsi paji lake la uso linavyokaribia magoti.

Kazi akapewa Zaituni Mwinchande, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini, aliyesomea uchoraji wa maghala ya namna hiyo na ambaye mpaka siku ile alikuwa akipangwa kuchora kalenda za wizara. Aliwaeleza wakubwa kwamba ghala halijengwi kwa kukurupuka, kwanza huchorwa. Katikati ya karatasi unaweka jambo linalotokea: kuuza, kuzaliwa, kuugua. Kulizunguka unachora pande, na kila upande ni njia ya kuuliza: nani, lini, wapi. Na kila upande una ngazi zake. Wapi, kwa mfano, huanzia mjini, hupanda wilayani, hupanda jimboni, hadi taifa zima.

"Ukipanda unaona jumla," alisema Zaituni. "Ukishuka unamwona mtu."

Ofisa wa Idara ya Shaka, aliyekuwa amekaa pembeni akijifanya kusinzia, alifumbua jicho moja.

Niseme ukweli: Zaituni hakuwa na shida na mbuzi wa mtu. Alizaliwa Kisimachui, mji wa bara ambao kisima chake kina maji machungu yanayokaza viungo. Ukiyanywa miaka mingi, uti wa mgongo unakuwa kama mwiko. Mama yake alikuwa hajaweza kuokota ufagio ulioanguka tangu Zaituni akiwa shuleni. Huko mafiga huwekwa juu ya ukuta mfupi ili mpishi apike amesimama, na msikitini safu ya mbele ni viti tu. Dada yake Hidaya alikuwa na mtoto mmoja, Mwajabu, ambaye viungo vyake bado vilikuwa laini, anabingirika uani kutwa nzima. Kila Zaituni alipomwona anabingirika, moyo ulimuuma, kwa kuwa alijua haitadumu.

Taarifa za wizara zilisema maji ya jimbo lile ni mazuri. Na kweli, ukichukua miji yote ya jimbo ukaichanganya, Kisimachui inapotelea humo kama chumvi kwenye mchuzi. Ndiyo maana Zaituni alizitaka zile ngazi za kushuka. Alitaka ghala litakaloshuka mpaka kwenye kisima cha kwao kabla viungo vya Mwajabu havijakaza.

*

Wachoraji wa maghala wana njia mbili za kuanza. Ya kwanza ni kuwauliza wakubwa wanataka kujua nini, kisha unachora kufuatana na maswali yao. Zaituni akaanza na hiyo. Alizunguka wizara kwa wizara na kalamu yake.

"Mheshimiwa, kama ghala likiwa tayari, ungependa kuliuliza swali gani?"

Waziri wa Kilimo alitoka jasho. "Swali? Nani kakwambia mimi nina swali? Mwenye swali ni yule asiyejua. Umetumwa na nani?"

Waziri wa Elimu alifunga mlango, akafunga madirisha, akamnong'oneza, "Mimi, binti yangu, nina majibu tu. Nenda ukawaandikie hivyo hivyo, majibu tu."

Waziri wa Afya alimkaribisha chai, akamsikiliza kwa utulivu, kisha akaomba aletewe kwanza orodha ya maswali ya mawaziri wenzake, ili la kwake lisije likazidi.

Basi njia ya kwanza ikafa. Ya pili ni kuchungulia serikali ina taarifa gani tayari, kisha unachora kwa hizo. Zaituni akafungua makabati. Takwimu za mavuno zilikuwa zimeandikwa kabla ya kupanda. Takwimu za wagonjwa zilikuwa zimepona. Mahali pamoja tu, katika Ofisi ya Itifaki, alikuta jambo lililoandikwa kwa uaminifu unaotisha, nalo ni Bilauri.

Inabidi niwaeleze desturi hiyo. Kiongozi yeyote anapozuru mji hukaribishwa bilauri moja ya maji ya mji ule, mbele ya watu. Kuyamaliza ni kuwapenda wananchi. Kuyabakisha ni kuwadharau. Kwa kuwa kila kiongozi humshuku mwenzake kwamba hawapendi wananchi vya kutosha, Itifaki huandika tangu nchi ipate bendera: nani alikunywa, mji gani, siku gani, maji yalitoka wapi, na yalibaki vidole vingapi. Huyapima kwa vidole vya ofisa mmoja aliyeajiriwa kwa ajili ya vidole vyake.

Zaituni alisoma taarifa za Kisimachui akasimama. Akakaa. Akasimama tena. Akachora siku hiyo hiyo.

*

Michoro yote ya nchi ile hupitishwa na Kamati ya Kutazama Michoro kwa Jicho la Pili. Mwenyekiti wake alikuwa Mheshimiwa Kibwana Tindo, mtu mnene wa heshima, hodari wa kuinama kuliko wote. Ilisemwa aliwahi kuokota kalamu ya Mtukufu kwa meno.

Zaituni alibandika karatasi ukutani. "Waheshimiwa, katikati nimeweka jambo: Kunywa. Kipimo chake ni vidole vilivyobaki. Pande ni nne: Nani, Lini, Wapi, na Chanzo."

Kamati ilikaa kimya, kimya cha kushuku, ambacho katika nchi ile kina mlio wake.

"Nani," alisema Mheshimiwa Tindo. "Ni viongozi peke yao?"

"Viongozi peke yao, Mheshimiwa."

"Basi huo hauna neno. Yaonekane mapenzi yetu. Lini?"

"Siku, mwezi, mwaka."

"Mh. Mtu akijua lini, ataanza kusema kabla na baada. Lakini uache, sikukuu zetu zimo humo. Wapi?"

"Mji, wilaya, jimbo, taifa. Unaweza kupanda au kushuka."

"Kiongozi hashuki, Bi Zaituni."

"Kidole tu ndicho kinachoshuka, Mheshimiwa."

Walilijadili jambo la kidole mpaka chai ikapoa, wakaafikiana kwamba kidole kinaweza kushuka pasipo mwenyewe kushuka. Kisha Mheshimiwa Tindo akaegemea mbele, akausoma upande wa nne kwa sauti, mara mbili, kama mtu anayenusa samaki.

"Chanzo. Hiki ni nini?"

"Ni kujua maji yalitoka kisimani, mtoni, bombani, au yaliletwa kwa chupa."

"Nimesikia. Sasa nisikilize na wewe. Ukimruhusu mtu aulize chanzo cha maji, kesho ataulizia chanzo cha mali. Keshokutwa chanzo cha kura. Neno hili lina harufu. Likatwe."

Zaituni, ambaye alikuwa hajawahi kupandisha sauti maishani, akaipandisha kidogo. "Mheshimiwa, nakusihi. Pande zote chukueni, huu niachieni. Bila Chanzo, maji ya kisima na maji ya bomba yataonekana kitu kimoja."

"Na yawe kitu kimoja," alisema Mheshimiwa Tindo. "Sisi ni taifa moja."

Kamati ikapiga makofi. Chanzo kikakatwa kwa mkasi, si kwa kalamu, ili kisije kikarudishwa. Na mchoro ukishapitishwa katika nchi ile haurekebishwi, maana kuurekebisha ni kusema Kamati ilikosea, na Kamati ilishachunguza jambo hilo ikajikuta haikosei.

*

Siku ya uzinduzi kioo kiliwekwa uwanjani, kikubwa kuliko cha jirani kwa shubiri moja. Mtukufu akakigusa. Taifa zima: mabaki ya bilauri, nusu kidole. Watu wakashangilia. Akagusa jimbo, nusu kidole. Akagusa lingine. Kidole kikanoga. Hakuna aliyethubutu kumwambia Mtukufu kwamba inatosha, akazidi kushuka, wilaya, mji, mpaka akafika Kisimachui.

Vidole vinne. Miaka yote, viongozi wote, yeye mwenyewe akiwemo. Bilauri ya Kisimachui hujaa vidole vinne ikimiminwa, na hubaki vidole vinne ikiondolewa.

Zaituni, nyuma ya jukwaa, alishika kitambaa chake kwa mikono miwili. Alisubiri Mtukufu aulize maji yale yana nini.

"Nani," aliuliza Mtukufu, "amenitia aibu hii?"

Mheshimiwa Tindo alikuwa ameshainama. "Mtukufu, nawashuku wenyeji. Bila shaka kila tukinywa wanajaza tena."

Jambo hilo lilichunguzwa kwa kina, na serikali ikatoa tamko zito: kuanzia sasa bilauri ya Kisimachui imalizwe. Ili imalizike bila mtu kukunja uso, bomba likavutwa kutoka mlimani, maji safi baridi, hadi kwenye jukwaa la wageni. Bomba likatiwa kufuli. Ufunguo ukakaa Itifaki, mji mkuu, na huja na mgeni na kuondoka na mgeni.

Hidaya alimpigia dada yake simu, huku anacheka na kulia. "Dada, bomba lipo! Tunalitazama!"

"Halifunguliwi?"

"Mpaka aje mkubwa. Lakini tumeshakaa kikao. Subiri uone."

Kisimachui wakawa watu wa sherehe. Waliomba mkuu wa wilaya azindue zizi la mbuzi. Waliomba naibu waziri akate utepe wa ngazi ya kupandia paa. Alialikwa katibu kuja kupokea toroli kuukuu, na wiki iliyofuata mwingine kuja kulikabidhi tena kwa aliyelitoa. Kila mgeni alipokuja, kufuli lilifunguliwa, na hotuba zikianza watu walijipanga nyuma ya jukwaa na madumu, ndoo, masufuria. Waliomba hotuba ziwe ndefu. Pale tu, duniani kote, wananchi walimwambia mbunge, "Mheshimiwa, hujamaliza, tuendelee."

Na bilauri? Mgeni akiiweka chini tu, imeshanyakuliwa na kumaliziwa na mtoto. Vidole sifuri. Mwajabu alikunywa mabaki ya nusu ya baraza la mawaziri na akazidi kubingirika.

*

Mchezo ungeweza kuendelea hivyo, na Zaituni alianza kulala vizuri. Lakini kioo hakilali. Mwaka ulipogeuka Kamati ikakitazama, ikaona nchi nzima mabaki nusu kidole, Kisimachui sifuri. Tena sherehe zake hazina idadi.

"Nilijua," alisema Mheshimiwa Tindo, akifinya macho. "Watu wale wanatuficha utamu. Kwa nini wakubwa wamalize bilauri pale tu? Maji ya Kisimachui ni matamu kuliko yote nchini, na wenyewe wamekaa kimya wanayafaidi."

Ikaamuliwa maji ya Kisimachui yaletwe mji mkuu kwa maboza, malori ya matangi, yanywewe na viongozi wote, Ikulu kwanza, Itifaki ikiandika kila bilauri. Na kwa kuwa sasa wakubwa watayapata mezani kwao, safari za huko zikapigwa marufuku kama ubadhirifu.

Zaituni aliomba kusema. Alijua safari zikikoma kufuli halifunguliwi, na Mwajabu anarudi kisimani. "Waheshimiwa, maji waliyomaliza wageni ni ya bomba. Maboza yatajaza wapi, bombani au kisimani?"

"Hilo ni swali la Chanzo," alisema Mwenyekiti kwa upole. "Lilishakatwa."

Maboza yakaenda. Madereva walikuta bomba limefungwa na ufunguo uko mji mkuu. Kisima kilikuwa wazi. Wakajaza.

Yalipofika Ikulu, Mtukufu alionja, akatulia, akasema ni matamu. Mawaziri wakaonja, nyuso zikawakunjamana, wakasema ni matamu sana, hasa ukishameza. Wakaagiza zaidi.

Huko nyumbani Hidaya hakucheka tena kwenye simu. "Anasema magoti yanamuuma, dada. Asubuhi anaamka polepole."

Zaituni alikata simu akalia ofisini, mlango wazi, na ofisa wa Idara ya Shaka akapita mara tatu kutazama.

*

Misimu ikapita. Asubuhi moja Mtukufu aliingia barazani, mawaziri wakasimama, wakamtazama. Hakuna aliyeinama. Waziri wa Kilimo alijaribu, akakwama njiani, akalazimika kunyanyuliwa na wahudumu. Mheshimiwa Tindo, yule wa kalamu kwa meno, alitikisa kope tu.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu aliongeza walinzi. Siku ya nne aliwashuku walinzi, kwa sababu nao walisimama wima mno. Mwenyewe hakuhisi tofauti yoyote mwilini, kwani hakuwahi kuwa na mtu wa kumwinamia. Mwishowe akamwita Zaituni peke yake mbele ya kioo.

"Serikali nzima imeacha kuniinamia," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Liulize ghala lako: nani kiongozi wa uasi huu?"

"Ghala haliwezi kujibu, Mtukufu. Lilikatwa upande."

"Upande gani?"

"Chanzo."

Mtukufu alimtazama, akitafuta mtego ulipo. Hatimaye hofu ikaishinda shaka. "Urudishe."

Zaituni aliurudisha. Waliitwa madereva wa maboza, wakasema walijaza wapi. Kioo kikawaka. Mtukufu akagusa Chanzo, akagusa kisima cha Kisimachui, na chini yake yakajipanga majina ya serikali yote, kila bilauri na tarehe yake.

"Maji haya hukaza mgongo, Mtukufu," alisema Zaituni. "Mama yangu ameyanywa maisha yake yote. Mtoto wa dada yangu ndiye anaanza. Nilichora ghala hili kwa ajili yake."

Mtukufu alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe si uasi! Ni maji tu!" Hilo la mtoto sidhani alilisikia. Akatoa amri pale pale: asiyanywe tena mtu yeyote anayetakiwa kuinama.

Kamati ilikaa kuitafsiri amri. Nani katika nchi hii anatakiwa kuinama? Walihesabu wakubwa, wakahesabu wadogo, wakafika Kisimachui. Nao pia. Hata watoto wao. "Hasa watoto," alisema Mheshimiwa Tindo bila kugeuza shingo. "Samaki mkunje angali mbichi." Basi kisima kikafukiwa, na bomba la mlimani likapelekwa kila nyumba, bila kufuli. Hivyo ndivyo Kisimachui ilivyopata maji.

*

Mtukufu alikuja mwenyewe kuyazindua. Mji mzima ulijipanga mbele ya jukwaa, mama yake Zaituni mstari wa mbele amevaa kanga mpya. Mshereheshaji akatangaza, "Wananchi, tuinamishe vichwa kwa shukrani!"

Hakuna kichwa kilichoinama. Walitaka, maskini, macho yao yalionyesha. Walisimama wima kama nguzo za simu, mama yake Zaituni machozi yakimtoka. Ofisa wa Idara ya Shaka akaanza kuhesabu.

Mheshimiwa Tindo, aliyesimama karibu na Zaituni akitazama mbele kwa kuwa hakuwa na namna nyingine ya kutazama, akamnong'oneza kwa pembe ya mdomo. "Kesho uanze mchoro mpya. Katikati weka Kukataa Kuinama. Wapi: Kisimachui. Nani: wote."

"Na Chanzo, Mheshimiwa?"

"Chanzo kisiwepo."

"Nawe hukuinama. Nikuweke humo?"

Mheshimiwa Tindo alijaribu kumgeukia. Shingo ikakataa.

Pale pembeni ya jukwaa Mwajabu, hajali mshereheshaji wala Idara, alikuwa amefungua bomba. Alikunja magoti yake polepole, akainama mpaka paji la uso likakaribia matope, akakinga mdomo, akanywa.

Mtukufu alimwona. Uso wake wote ukalegea kwa furaha.

"Angalau yule mmoja," alisema, "ana adabu."

Mwajabu alikuwa amempa mgongo, na bado anakunywa.